Maziwa yalipanda, kisha yakashuka: mashudu, mafuta na madini kwa mbuzi na kondoo

"Daktari, habari za kazi. Nipo Arumeru. Nina mbuzi sita wa maziwa, chotara wa Toggenburg, na kondoo tisa wa kienyeji. Wote wanalala banda moja na kula hori moja. Miezi miwili iliyopita nilianza kuwapa mbuzi wanaokamuliwa chakula cha ziada: pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, nusu kwa nusu, kilo moja asubuhi na kilo moja jioni kwa kila mbuzi. Wiki ya kwanza maziwa yalipanda kutoka lita moja na nusu hadi lita mbili. Sasa yameshuka hadi lita moja na kidogo, na mteja wangu analalamika kwamba ni mepesi. Mbuzi mmoja anaharisha na anabakiza chakula. Nimesoma kwamba wafugaji wa kondoo wa maziwa Ugiriki na Uhispania huwapa mafuta ya mimea ili maziwa yawe mazito. Je, na mimi niongeze mafuta ya alizeti? Na madini ya ng'ombe ninayowawekea tangu mwaka jana yanatosha, au nitumie magadi? Nimesahau: wiki iliyopita kondoo mmoja alikufa ghafla, macho ya njano, mkojo mweusi. Jirani anasema ni nyongo."

Ndugu yangu, umeuliza habari za maziwa, lakini naomba nianze na huyo kondoo uliyemtaja mwishoni. Wenzake wanane bado wako hai, na yawezekana baadhi yao wako njiani kumfuata.

Macho ya njano, mkojo mweusi, kifo cha ghafla, na madini ya ng'ombe yaliyolambwa kwa zaidi ya nusu mwaka. Nikiyaweka hayo pamoja, kitu cha kwanza ninachokishuku ni sumu ya shaba. Sisemi kwamba ndiyo hakika. Homa za kupe zinazoleta mkojo mwekundu zipo, homa ya mgunda ipo, na kuna mimea inayoharibu ini. Ila katika yote hayo, shaba ndiyo unayoweza kuiondoa bandani leo kabla jua halijazama, kwa hiyo iondoe kwanza, uchunguzi ufuate.

Jambo ambalo wauzaji wengi wa madini hawalisemi ni hili. Kila mfugo unahitaji shaba kidogo, lakini kondoo hana uwezo mzuri wa kuitoa inapozidi. Ng'ombe na mbuzi huivumilia zaidi, kondoo huiweka kwenye ini. Anaiweka kidogo kidogo, miezi na miezi, huku anakula vizuri, ananenepa na kuzaa. Halafu siku moja anapata msukosuko: safari ya mnadani, baridi kali, njaa ya siku mbili, au kuzaa kwenyewe. Ini linaiachia shaba yote kwenye damu kwa mkupuo, chembe nyekundu za damu zinapasuka, macho na ufizi vinageuka njano, mkojo unakuwa kama kahawa. Ndiyo maana mfugaji huona kifo cha ghafla wakati sumu imekuwa ikijilimbikiza tangu mwaka jana. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha shaba kwenye chakula kamili cha mifugo: miligramu 15 kwa kilo kwa kondoo, 30 kwa ng'ombe anayecheua na 35 kwa mbuzi. Hapo unaona mwenyewe kwa nini mfuko wenye picha ya ng'ombe haumfai kondoo, hata kama muuzaji atakuapia kwamba mifugo yote ni sawa.

Kwa hiyo leo hii yatoe madini hayo mahali ambapo kondoo wanafika. Watenganishe na mbuzi wakati wa kula, hata kwa fito na kamba tu. Kondoo wape chumvi ya kawaida, au madini yaliyoandikwa wazi kwamba ni ya kondoo na hayana shaba ya kuongezwa. Usiwaswage kwenda mbali wala kuwapeleka mnadani wiki hizi. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya aje awaone wote wanane, aangalie macho na ufizi, na achukue damu akiona inafaa. Dawa ya kusaidia kutoa shaba ipo, lakini ni ya daktari, si ya kununua na kuchanganya mwenyewe. Akifa mwingine, usile ini wala nyama, na usimpasue mwenyewe. Ukanda wetu una kimeta, na mzoga uliokufa ghafla na kutokwa damu puani au nyuma haufunguliwi kabisa. Daktari akishaondoa hofu hiyo, yeye ndiye atakayechukua kipande cha ini na figo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Arusha, na kwa mtu wa Arumeru hiyo si safari kubwa.

Sasa tuje kwa mbuzi.

Umefanya jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema kabisa: umeona chakula cha ziada kimeleta maziwa, ukakichukulia kuwa ndicho chakula chenyewe. Hebu tupige hesabu. Mbuzi wa kilo 45 anayenyonyesha hula takriban kilo mbili kwa siku, ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani. Wewe unampa kilo mbili za pumba na mashudu, ambazo ni kavu karibu zote. Maana yake amejaza nafasi yote kwa pumba na mashudu, na majani anayatafuna kwa kuonja tu. Nina hakika ukienda jioni utayakuta majani yako ya mabingobingo yamelala horini karibu kama ulivyoyaweka.

Tumbo kubwa la mbuzi, lile la kwanza, linafanya kazi kama pipa la mbege, ile pombe ya ndizi. Ndani yake kuna vijidudu vingi mno vinavyochachua kila kinachoingia, na mbuzi anaishi kwa mazao ya uchachuaji huo kuliko kwa majani yenyewe. Vijidudu vya kuvunja nyuzinyuzi za majani hufanya kazi polepole na hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Titi huichukua na kutengenezea sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa. Vijidudu vya kuvunja wanga hufanya kazi haraka na hutoa asidi ya aina nyingine, ambayo ini huigeuza sukari. Sukari hiyo ndiyo huamua wingi wa maziwa, kwa sababu sukari ya maziwa huvuta maji kuingia kwenye titi. Umeiona wiki ya kwanza: wanga umeongezeka, sukari imeongezeka, lita zimepanda. Halikuwa jambo la kubahatisha.

Lakini wanga mwingi huchachuka upesi kuliko mate yanavyoweza kuituliza tindikali yake. Mate ya mbuzi yana magadi ya asili ndani yake, na huyatoa kwa wingi anapocheua. Asiyekula majani ya kutosha hacheui sawasawa, na asipocheua hayatoi. Tindikali inapanda, vijidudu vya nyuzinyuzi vinadhoofika au kufa, ile asidi ya kutengeneza mafuta inapungua, kinyesi kinalainika, hamu ya kula inaondoka, na mwishowe hata lita zinashuka. Mteja wako analalamika kwa haki.

Nenda ukajihakikishie mwenyewe. Saa sita mchana, mbuzi wakiwa wamejilaza kivulini, simama mbali kidogo bila kuwasumbua uwatazame mataya. Katika sita, angalau watatu au wanne wawe wanacheua. Kila tonge likipanda kooni litafunwe mara arobaini, hamsini au zaidi kabla ya kumezwa. Mbuzi anayetafuna mara ishirini kisha anameza, au aliyejilaza tu akitazama mbele, hana nyuzinyuzi za kutosha tumboni. Kisha angalia kinyesi: golori ngumu, zilizoachana, zinazong'aa kidogo ni afya. Zikishikana kama kishada cha zabibu, umeanza kuzidisha. Zikiwa uji, umeshazidisha.

Kuhusu mafuta, jibu langu ni hapana, na naomba nieleze kwa sababu ulichosoma si uongo. Kondoo wa maziwa wa nchi zile, kina Lacaune wa Ufaransa, Sarda wa Sardinia, Manchega wa Uhispania na Chios wa Ugiriki, kwa asili wana maziwa mazito, mafuta asilimia 6 hadi 7, wakati mbuzi wako ana 3.5 hadi 4. Sehemu kubwa ya maziwa hayo hutengenezwa jibini. Watafiti wanapowapa mafuta ya alizeti, soya au kitani, mara nyingi wanachotafuta ni kubadilisha aina ya mafuta yaliyomo kwenye maziwa, yawe na mafuta zaidi ya aina inayohesabiwa kuwa njema kwa moyo wa mlaji. Wapo wanaopata pia ongezeko la mafuta kwenye maziwa, kondoo na mbuzi kwa pamoja. Lakini hao wanawapa wanyama wanaokula majani makavu mazuri yaliyopimwa kwa mizani, na kila gramu ya mafuta imehesabiwa.

Kikomo kinachoheshimiwa ni kwamba mafuta ya vyakula vyote kwa pamoja yasizidi asilimia 5 au 6 ya chakula kikavu. Kwa mbuzi wako hiyo ni gramu 100 hadi 120 kwa siku. Mashudu yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia alizeti, yale yanayoshushwa kutoka Singida na Dodoma, huweza kubaki na mafuta asilimia 10 na zaidi. Kilo moja ya mashudu unayompa kila mmoja inamletea gramu 100 au kupita, kabla hujahesabu mafuta ya pumba na ya majani. Umeshawapa mafuta, ndugu yangu, bila kujua! Mafuta mengi yasiyofungwa ndani ya mbegu huzifunika nyuzinyuzi na kuvisumbua vile vijidudu tunavyotaka kuviokoa. Kibaba kimoja cha mafuta juu ya hapo kitamaliza kazi iliyokwisha kuanza.

Na kabla hatujaulaumu mlo peke yake kwa maziwa mepesi: je, watoto wa mbuzi wananyonya baada ya wewe kukamua? Maziwa ya mwanzo ya kukamua ni mepesi, ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Ukikamua haraka na kumwachia mtoto robo ya mwisho, umempa yeye cream na mteja umempa maji yake. Kamua hadi titi lilegee kabisa, changanya yote kwenye ndoo moja ndipo upime. Nimeona malalamiko ya maziwa mepesi yakiisha kwa hilo tu.

Sasa ulishe vipi? Mbuzi anayeharisha mkatie pumba na mashudu yote leo. Mpe majani makavu au mabua laini na maji safi mengi, na akikataa kula, akivimba ubavu wa kushoto, akilegea au akisaga meno, usisubiri asubuhi, mwite daktari. Hao wengine wapunguzie kwa siku tatu nne hadi wafike nusu kilo kwa siku, robo asubuhi na robo jioni. Nusu kilo inamtosha mbuzi wa lita moja na nusu hadi mbili akiwa na majani mazuri. Akivuka lita mbili, ongeza kama gramu 200 hadi 300 kwa kila lita ya ziada, na uongeze polepole kwa siku kumi hadi kumi na nne. Majani yatangulie, mchanganyiko ufuate.

Mchanganyiko wenyewe nao ubadilishe. Katika kilo 100 weka takriban kilo 70 za pumba, kilo 27 za mashudu, kilo mbili za madini ya mbuzi na kilo moja ya chumvi. Mchanganyiko huu ni wa mbuzi pekee, kondoo wasiuguse.

Lakini nyongeza ninayoipenda zaidi kwa mtu wa milimani kama wewe haiko dukani. Mabingobingo yakikatwa yakiwa marefu kama mtu yana protini kidogo mno, pengine chini ya asilimia 7, na chini ya hapo vijidudu vya tumbo havina cha kujijengea. Yakate yanapofika kiunoni au chini yake. Kisha panda lusina, kaliandra au sesbania kwenye mipaka ya shamba na kwenye makinga maji. Majani ya miti hii yana protini asilimia 20 hadi 25. Kwa wenzetu wa Embu, Kenya, majaribio ya ng'ombe wa maziwa yalionyesha kwamba kilo tatu za kaliandra mbichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Kwa mbuzi mmoja anza na kilo moja hadi moja na nusu ya majani mabichi kwa siku. Kaliandra wape ikiwa mbichi, usiianike. Lusina isipite theluthi moja ya majani yote, maana ina sumu yake inayoweza kunyonyoa manyoya na kuharibu tezi ya shingo kwa wanyama wasioizoea. Hapa utasubiri karibu mwaka kabla ya kuvuna vizuri, ndiyo sababu wengi hukata tamaa na kurudi dukani. Mimi ningepanda mvua hizi zijazo.

Magadi sikushauri, hasa huko kwenu. Yana sodiamu, na kwa kweli hutuliza tindikali kidogo, lakini hayana kalsiamu wala fosforasi ya maana, na magadi yetu ya kaskazini mara nyingi yana floraidi nyingi. Mtu anayeishi jirani na Maji ya Chai, huko huko Arumeru ambako maji yana floraidi, hahitaji kuelezwa floraidi inavyoyafanya meno ya watoto. Mifugo inayokunywa maji hayo hayo huongezewa mzigo ule ule kwenye meno na mifupa ukiwalambisha magadi.

Kalsiamu ni muhimu kwa sababu nyingine ambayo hukuiuliza. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Jike anayekamuliwa huvumilia, lakini dume au beberu aliyehasiwa anayekula pumba kila siku hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona dume anajikamua bila mkojo kutoka, analia na kupiga mateke tumbo lake, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kama unaye dume, mtoe kwenye pumba, majani yanamtosha.

Jambo lingine, nusa mfuko kabla ya kununua. Pumba na mashudu yaliyopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa hadi kwa anayeyanywa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Joto la mkono ndani ya gunia, mabonge na harufu ya uvundo ni sababu tosha ya kulirudisha kwa muuzaji. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Je, chakula cha ziada kinalipa? Kinalipa kwa wakati wake. Chukua mimba: siku 150, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto hujengwa wiki sita hadi nane za mwisho, huku nafasi ya tumbo ikizidi kubanwa. Mbuzi mwenye mapacha akikosa nguvu wakati huo hulegea, huacha kula, hupoteza uwezo wa kuona na kufa akiwa na mimba. Hapo robo kilo ikipanda taratibu hadi nusu inaokoa watatu. Baada ya kuzaa, maziwa hufika kilele kati ya wiki ya nne na ya nane, na hapo kila gramu 100 zinaonekana kwenye ndoo. Mbuzi wa mwezi wa sita au wa saba tangu azae ni habari nyingine: ukimwongezea, sehemu kubwa inakwenda mgongoni kuwa mafuta ya mwili. Weka mkono nyuma ya mbavu, ubonyeze uti wa mgongo. Ncha za mifupa zikichoma kidole, anahitaji. Zikiwa zimefunikwa nyama na huzipati mpaka ubonyeze, mpunguzie na uokoe pesa.

Geuza pia ukope wa chini wa kila mbuzi. Ukiwa mweupe badala ya kuwa mwekundu, huenda ana minyoo wanaonyonya damu tumboni, na mashudu yoyote utakayompa yatawalisha hao. Daktari akija kwa ajili ya kondoo, mwonyeshe na mbuzi hao siku hiyo hiyo.

Mpangilio ukishatulia, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na upime maziwa ya kila mbuzi kwa kikombe kile kile kwa wiki mbili. Zidisha ongezeko la maziwa kwa bei yako, toa gharama ya chakula ulichoongeza, na daftari litakuambia kama uendelee. Usitegemee maziwa kurudi kesho: tumbo lililochachuka huchukua wiki mbili hadi tatu kujijenga upya, na aliyeharisha sana huenda asifike tena lita mbili mpaka azae tena. Daktari akifika, mpe mfuko wa yale madini ya ng'ombe na lebo yake. Kiasi cha shaba kilichoandikwa pale ndicho kitu cha kwanza atakachotaka kukisoma.